Wajumbe Saba na Sufuria ya Bi Kuruthum

Risasi iliyompata Bi Kuruthum haikuwa na haraka. Ilitoka kwenye bunduki ya askari wa Halmashauri ya Mji wa Nambukila, ikatoboa kopo la maziwa ya unga dukani, ikapita katikati ya godoro alilokuwa amejitwisha mtu, ikamnyoa jogoo kishungi chote, ndipo ikaenda kutua kwenye tako la kushoto la Bi Kuruthum, ikiwa imeshachoka. Daktari aliyeichomoa alisema bado ilikuwa inanukia maziwa. Asiyeamini akamtafute yule jogoo, mpaka leo anatembea kichwa wazi.

Siku hiyo Bi Kuruthum alikuwa likizoni nyumbani, ametoka Dubai kwenye kazi yake ya upishi. Kichwani alibeba sufuria ya presha, ile yenye kifuniko cha kukaza na kitufe juu kinachopiga mluzi, zawadi ya kumpelekea wifi yake. Askari walikuwa wamekuja kuwafukuza kina mama wanaouza nyanya kando ya barabara. Wenye nyanya wakakimbia. Bi Kuruthum hakukimbia, kwa sababu hakuwa na nyanya, na kwa sababu mtu mwenye sufuria mpya kichwani hakimbii. Hilo ndilo lililomponza. Kule Nambukila, asiyekimbia ndiye anayetiliwa shaka.

Taarifa ya askari ikaandikwa kwamba mtuhumiwa wa kike alikutwa na chombo cha chuma chenye vali, kinachodhaniwa kuwa kombora, akakaidi amri ya kukimbia. Sufuria ikachukuliwa kuwa kidhibiti. Wifi hakuionja. Sokoni wakaanza kumwita Mama Kombora, na watoto wa mtaani wakawa wakimwona wanajitupa chini huku wameziba masikio.

Akarudi Dubai na kovu lake, kwenye jiko la nyumba ya wafanyakazi kule Al Qusais, alikokuwa akiwapikia walinzi mia nne. Mia nne hao usidhani ni watu wa kula kidogo. Waganda wanataka matoke, Watanzania wanataka ugali, Wakenya wanataka ugali mgumu kuliko wa Watanzania, na Bi Kuruthum alikuwa na mwiko mrefu hivi kwamba akikoroga upande wa jikoni, ncha yake inawasha taa ya ukumbi wa kulia. Tangu apigwe risasi alikuwa anakaa kwa kuegemea kulia, na kila mgeni aliyemwona alidhani benchi limevunjika mguu.

Ahmadi, kaka yake, ndiye aliyefungua kesi kule nyumbani. Wakili wa halmashauri alipoisoma tu akawashauri madiwani wapatane na yule mama nje ya mahakama, maana mahakamani wataaibika. Madiwani wakaanza kujadili kama wapatane. Wakajadili mwaka wa kwanza. Wakajadili mwaka wa pili.

Kila kikao Ahmadi alikuwa anakwenda kusimama dirishani kwa nje na simu yake ameinyoosha ndani, na Bi Kuruthum huku Dubai anakwangua kadi ya simu, anapiga, anaiegemeza simu juu ya gunia la unga na kuendelea kukata vitunguu. Marietha, msaidizi wake, binti wa Bukoba aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa anakata vitunguu upande wa pili, na machozi yao wala hayakujulikana ni ya vitunguu au ya madiwani.

Kikao kizima kilikwenda wakibishana kama mlalamikaji alipigwa risasi au alikutana na risasi. Diwani mmoja akasema risasi ilikuwa inakwenda zake, huyu mama ndiye aliyeikuta njiani, na pengine halmashauri ndiyo inayostahili kulipwa, maana risasi ni mali ya umma na haikurudishwa. Wakampigia meza. Kikao kingine wakaunda kamati ya kuchunguza sufuria. Kamati ikarudisha taarifa kwamba sufuria ilichemshiwa maharage mara nne kwa ajili ya uchunguzi, haikulipuka, ila uchunguzi unaendelea.

Hivyo ndivyo Bi Kuruthum, asiyejua kusoma hata jina lake, alivyoijua halmashauri kwa masikio tu. Alijua dua ya kufungua, alijua akidi, alijua kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, alijua yatokanayo. Na mwisho kabisa alijua kuna kitu kinaitwa mengineyo. Hapo sauti zilikuwa zinabadilika. Viti vinasogea, sahani zinagongana, wali umeshaingia mlangoni. Mtu anasema jambo, Mwenyekiti anauliza wanaoafiki, wote wanasema ndiyo na midomo tayari ina mate. Mara moja kwenye mengineyo walipitisha kujenga daraja mahali ambapo hakuna mto. Na daraja lipo. Watu wanalipanda wakashuka upande wa pili, wanarudi nyumbani.

Mwaka 2007, mwezi wa kwanza, arbab akamwita ofisini. Arbab ndiye mwajiri, Mwarabu mpole mwenye simu tatu. Akamwambia kwamba kampuni imepata kazi mpya, na wenye kazi wanataka kila mfanyakazi awe na karatasi kutoka nchini kwake inayosema hana kosa. Alikwishauliza kule kwao akajibiwa kuna mama wa jina hilo amewahi kukutwa na kombora. Bi Kuruthum akaeleza ni sufuria. Arbab akasema yeye anaamini, lakini viza haitaki imani, inataka muhuri. Viza yake inaisha Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Ikiwa hakuna karatasi, khalas, atarudi kwao.

Bi Kuruthum akatoka akaegemea friji. Wajukuu sita walikuwa wanasoma kwa mwiko ule. Na arudi Nambukila kufanya nini, awe Mama Kombora wa kudumu?

Ahmadi akapeleka ombi. Akaomba kitu kidogo: halmashauri iandike kwamba dada yake hakuwa na kosa na alichobeba kilikuwa sufuria. Basi. Halmashauri ikakaa, ikaona jambo hili ni zito, haliwezi kumalizwa kwa barua wala simu. Ikaazimia kumfuata mlalamikaji huko huko aliko, ana kwa ana, kwa ujumbe wa watu saba. Na kwa bahati tu, wala usifikirie vingine, safari ikaangukia msimu ule ambao maduka yote ya Dubai yanapunguza bei.

Wakashuka. Wakapangishwa hoteli Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, wasije wakapotea. Aliyewaongoza ni Mwenyekiti mwenyewe, Mheshimiwa Masuda, mtu mwenye tumbo lililokuwa likiingia ukumbini kabla yake na kuombewa kiti chake peke yake. Nyuma yake Pius, katibu, aliyebeba mkoba wenye muhuri wa halmashauri, na mkoba ule alilala nao, alioga nao. Halafu Mheshimiwa Rebecca, diwani mwanamke pekee, mwembamba, msema machache. Wanne waliobaki walikuwa madiwani wa kusema ndiyo.

Siku ya kwanza Bi Kuruthum hakuwaona. Walifanya kikao hotelini cha kupanga vikao. Siku ya pili wakafanya kikao kwenye duka la mabegi, kwa kuwa akidi ilikuwa imetimia hapo. Kila kikao kilikuwa na posho yake, na posho haitoki mpaka majina yawe yameandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio, kila mmoja ametia sahihi, na Pius amegonga muhuri. Kwa hiyo popote walipokutana watu saba, hata kwenye ngazi ya umeme, Pius alitoa karatasi.

Siku ya tatu wakafika Al Qusais. Getini alikuwepo Apollo, mlinzi Mganda, mtu wa kufuata utaratibu hata usingizini. Akawazuia wote saba waandike majina kwenye daftari la wageni, na walipoona daftari wakatia sahihi haraka, mmoja akauliza posho yake inalipwa lini.

Wakakaa ukumbi wa kulia. Mheshimiwa Masuda akafungua kwa dua, akasema ni lazima ujumbe utembelee eneo la tukio.

"Tukio lilikuwa Nambukila, Mheshimiwa," Marietha akamwambia.

"Risasi iliishia wapi?"

Ukumbi mzima ukamtazama Bi Kuruthum, na Bi Kuruthum akazidi kuegemea kulia.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "mimi na wewe tunajuana tangu unauza mafuta ya taa kwa kibaba. Eneo hilo hata marehemu mume wangu alilitembelea kwa adabu."

Walinzi waliokuwa wanakunywa chai wakazama kwenye vikombe vyao. Baada ya mjadala wa saa nzima ikaundwa kamati ndogo ya mjumbe mmoja, Mheshimiwa Rebecca, naye akaenda na Bi Kuruthum nyuma ya magunia ya unga. Huko walikaa kidogo kuliko madiwani walivyotarajia na wakacheka kuliko walivyotarajia. Rebecca aliporudi akatoa taarifa kwamba kovu lipo, liko kushoto, na halikaidi amri. Taarifa ikapokelewa, posho ikaandikwa.

Ndipo likafika suala lenyewe. Pius akasimama akaeleza kwamba halmashauri ilikuwa imetenga fungu la kumfidia mlalamikaji, fungu nono, ila kwa masikitiko fungu hilo ndilo lililokata tiketi, ndilo lililolipa hoteli, na ndilo linalotoa posho. Kilichobaki ni saa ya ukutani yenye picha ya ngamia, waliyoinunua kwa bei ya punguzo. Wakamkabidhi. Wakapiga makofi wenyewe.

Bi Kuruthum akaishika saa, akaiweka juu ya meza kifudifudi.

"Fidia nimewasamehe," akasema. "Hata saa chukueni. Nipeni karatasi tu. Iseme nilibeba sufuria."

Hapo wajumbe wakanywea. Mheshimiwa Masuda akajikuna shingo. Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hawezi kupewa mwezi, kwamba pesa ni rahisi kutoa kwa sababu ni ya halmashauri, lakini karatasi ni ngumu kwa sababu ina majina ya watu. Ukiandika kwamba ilikuwa sufuria, umesema askari alikosea. Ukisema askari alikosea, watauliza nani alimpa bunduki. Aliyempa bunduki ni kamati ya ulinzi. Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ni yeye Masuda.

"Tunaweza kuandika kwamba ilikuwa chombo," akasema.

"Chombo gani?"

"Chombo tu. Kila mtu afikirie chake."

Diwani mmoja akapendekeza iandikwe kwamba ilikuwa kombora lenye matumizi ya jikoni. Wakagombana hapo siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Walibishana mpaka viyoyozi vikaanza kutoa jasho. Mchana wanatoka kwenda madukani Deira, jioni wanarudi na masanduku, wanakaa juu ya masanduku na kuendelea. Chumba cha kulia kikajaa feni, blenda, mazulia, na televisheni ambayo diwani mmoja aliinunua kisha akamtumia Apollo barua ya kikazi amlindie. Apollo akaiandika kwenye daftari kama mgeni.

Alhamisi ikafika. Ndege ya wajumbe ilikuwa saa tisa alasiri, na arbab alikuwa anaitaka karatasi kabla hajafunga ofisi. Asubuhi hiyo Bi Kuruthum hakusema neno. Aliosha mchele. Akakaanga vitunguu polepole mpaka vikawa rangi ya shaba, akatia mdalasini, iliki, na nyama ya mbuzi yenye mafuta, akafunika pilau lile kwa mkaa juu ya kifuniko. Harufu yake ilitoka Al Qusais ikavuka barabara kuu, na inasemekana ndege moja iliyokuwa inataka kupaa ilirudi kupaki.

Kisha akamwita Marietha. "Leo pilau haliingii mpaka waseme mengineyo," akamwambia. "Wakisema tu mengineyo, ufungue mlango wa jiko. Wewe andika yote watakayoyasema na yote nitakayoyasema, usipunguze."

"Nikiandika mimi watakubali, Mama?"

"Katibu wao kaenda kununua redio. Nani mwingine ataandika?"

Ilikuwa kweli. Pius aliacha kikao akaenda mbio dukani mara ya mwisho, akisema atarudi na muhuri. Marietha akajitolea, na Mheshimiwa Masuda akamshukuru bila kumtazama. Karatasi za Pius zilikuwa zimekwisha kwa vikao, basi Apollo akawaazima daftari lake la ripoti za zamu, lile ambalo ukiandika juu, karatasi ya kaboni inaandika tena chini, juu unachana, chini inabaki. Marietha akaandika kichwa, akaandika wajumbe waliohudhuria, akaacha nafasi ya sahihi mwisho wa ukurasa uleule, kama Pius alivyokuwa akifanya siku zote.

Kikao kikaenda kama kawaida. Muhtasari uliopita ukathibitishwa. Yatokanayo yakaahirishwa. Suala la sufuria likasogezwa mbele hadi kikao kijacho cha Nambukila, tarehe itakayotangazwa. Basi la kuwapeleka uwanja wa ndege likapiga honi nje, dereva akaingiza kichwa akasema yalla, yalla.

"Mengineyo," akasema Mheshimiwa Masuda.

Marietha akafungua mlango.

Harufu iliingia kama mtu aliyealikwa. Madiwani wanne wa ndiyo wakageuka wote kwa pamoja. Mheshimiwa Masuda akafumba macho, na tumbo lake likanguruma kwa sauti ambayo walinzi wa ghorofani walidhani ni jenereta. Bi Kuruthum akasimama, akaegemea kulia, mwiko mkononi. Akasema wazi, neno kwa neno, wala hakunong'ona:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwenye mengineyo naomba ujumbe huu uthibitishe kwamba Kuruthum hakuwa na kosa lolote, alichobeba ni sufuria ya presha, askari wa halmashauri ndiye aliyekosea, na sufuria irudishwe kwa wifi yangu."

"Wanaoafiki?" Mheshimiwa Masuda akauliza sahani.

"Ndiyo," wakasema wanne.

Mheshimiwa Rebecca alikuwa ndiye pekee ambaye hakutazama mlango wa jiko. Alikuwa anamtazama Bi Kuruthum tangu neno la kwanza. Angeweza kusema kitu. Akafungua pochi, akatoa kalamu yake.

"Ndiyo," akasema, na yake ilisikika kuliko za wengine wote.

Dua ya kufunga ilisomwa kwa pumzi moja. Daftari likapita mkono kwa mkono, sahihi sita, nyingine zina alama ya kidole chenye mate. Pius akaingia anahema na redio kichwani, akaona sahihi, akatia yake ya saba, akaona nafasi ya muhuri, akagonga. Marietha akafunua chini, akamwonyesha nakala. Akagonga na hiyo. Pius alikuwa mtu wa kugonga. Kisha wakalivamia pilau, na dereva wa basi naye akaletewa sahani ili aache kupiga honi.

Walipokuwa wanapakia masanduku ndipo Mheshimiwa Masuda, kwa kupoteza muda tu, akavaa miwani na kuisoma karatasi ya juu. Akasoma, akarudi mwanzo. Uso ukamvuja jasho wakati mwezi wa kwanza Dubai ni baridi.

"Hii ni nini?"

"Mengineyo, Mheshimiwa," akasema Bi Kuruthum. Alikuwa anasugua sufuria.

"Mimi sikusema haya."

"Uliuliza wanaoafiki."

Akaishika karatasi kwa mikono miwili kutaka kuichana. Vidole vikasimama. Chini ya ukurasa uleule zilikuwepo sahihi za mahudhurio, na Marietha, kwa usafi wa mwandiko wake, alikuwa amejumlisha hapo vikao vyote vya siku zile ambavyo Pius alikuwa bado hajavigongea, cha duka la mabegi na cha ngazi ya umeme vikiwemo. Ukichana sufuria umechana posho. Madiwani wanne wakasogea kumzunguka Mwenyekiti, wapole lakini karibu sana, wakiitazama ile mikono yake.

"Mheshimiwa," mmoja akasema, "kwani si kweli ilikuwa sufuria?"

"Maharage tulikula wote," akaongeza mwingine.

Mheshimiwa Masuda akaikunja karatasi taratibu kama anakunja shuka la mgonjwa, akaitia mfukoni. Rebecca akapanda basi wa mwisho, na saa ya ngamia akaiacha juu ya benchi.

Saa kumi kasoro Bi Kuruthum alikuwa mbele ya meza ya arbab na ile nakala ya chini, Marietha pembeni. Arbab akaigeuza, akahesabu sahihi, akausogeza muhuri kwenye mwanga. Akauliza karatasi inasema nini. Marietha akamtafsiria.

Arbab akaweka chini simu zote tatu.

"Watu saba wametoka Afrika na ndege," akasema, "kuja kusema ilikuwa sufuria?"

"Ndiyo, sir," akajibu Bi Kuruthum.

Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake. Kisha akatia sahihi fomu ya viza.

Wiki tatu baadaye Ahmadi alisimama tena dirishani Nambukila na simu amenyoosha. Bi Kuruthum akakwangua kadi, akaiegemeza simu kwenye gunia. Marietha akaacha vitunguu. Walisikia dua, walisikia akidi, kisha wakasikia Pius anasoma muhtasari wa safari ya Dubai kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, na katikati ya kasi hiyo neno sufuria likapita, na baada yake neno askari. Ukumbi ukakohoa. Muhtasari usipothibitishwa, posho hailipwi.

"Wanaothibitisha?" ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Masuda, ya chini, kama inatoka ndani ya gunia hilohilo.

Ndiyo iliyokuja hapo ilikuwa kubwa hata unga ukaruka kidogo. Ahmadi akaanza kusema kwamba wifi tayari yuko mlangoni anaisubiri sufuria yake, lakini kadi ikaishia hapo.

Bi Kuruthum akaikagua simu, akaifuta unga. Ukutani saa ya ngamia ilionyesha saa saba na nusu, mwendo wake ni kuchelewa dakika ishirini kila siku. Walinzi wa zamu ya mchana walikuwa wanaanza kuingia. Akauchukua mwiko, akakaa, akajaribu upande wa kushoto, akaona bado unauma, akarudi kulia.

"Leta vitunguu, mwanangu," akamwambia Marietha. "Mia nne hawa hawajui mengineyo."